Kiitikio cha Maduhu

Niseme wazi tangu mwanzo: sikuingia shindano la kutunga nyimbo kwa sababu napenda sifa. Kuimba naimba kama wanawake wengine wote wanaoponda mawe ya dhahabu hapa Segese, maana ukinyamaza mkono unachoka haraka. Niliingia kwa sababu mdogo wangu Thobias yuko ndani ya shimo, mahali fulani kati ya hapa na vilimani, na aliyejua ni shimo lipi alikuwa mtu mmoja tu. Mtu huyo aliitwa Maduhu. Alikuwa na maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, pikipiki nyekundu, wake wawili, na sauti nzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Hiyo ya sauti nakubali, ingawa inaniuma.

Thobias alichimba kwenye duara la Maduhu. Siku walipokutana na mawe mazuri, Maduhu alishuka mwenyewe, jambo ambalo wenye maduara hawalifanyi mpaka wawe na sababu. Januari, aliyekuwa juu anashika kamba, aliwasikia wakigombana chini. Maduhu alisema Thobias ameficha jiwe. Thobias akasema apekuliwe hata kinywani. Kisha Januari akasikia mtaimbo ukigonga kitu ambacho si mwamba, ukagonga tena, halafu akaamriwa avute. Alichokivuta kwanza kilikuwa mfuko wa mawe uliolowa damu. Akafuata Maduhu. Wa mwisho alikuwa mdogo wangu, amefungwa kamba kifuani, fuvu limefunguka juu ya sikio, anapumua kwa kukoroma.

Maduhu alimfunga nyuma ya pikipiki kama gunia la mpunga, akasema anamwahisha hospitali Kahama. Alirudi jua likiwa bado liko juu, suruali imejaa vumbi la kifusi mpaka magotini. Kahama ni mbali, na hospitalini hakuna kifusi. Januari alinieleza yote haya, akapanda gari la kwenda Geita siku ileile, na simu yake haijawahi kupokelewa tena.

Polisi walikuja, sisemi hawakuja. Walimulika tochi kwenye mashimo machache yaliyoachwa, wakachoka. Yako mengi mno. Watu wamechimba huku tangu babu zangu, wakikosa wanahama, shimo linabaki wazi linasubiri mbuzi au mlevi. Maduhu aliwaambia Thobias ametoroka na jiwe lake. Askari mmoja akanishika bega, akasema, "Mama, bila mwili tutafanya nini?" Nikamwambia ndiyo maana nimewaita, muutafute. Akaona nina mdomo mchafu.

Mama yetu, mayu, alikuwa bado analala chini kwenye mkeka kama siku ya kwanza ya msiba. Kwetu huwezi kuanua matanga ya mtu ambaye hujamzika. Majirani waliacha kuja kukaa naye, wana mashamba yao, siwalaumu. Yeye alibaki msibani peke yake. Kila nikitoka asubuhi aliniuliza kitu kimoja tu: "Leo utamuuliza?" Nilikuwa nimemuuliza Maduhu dukani, nimemuuliza kanisani, nimemuuliza mbele ya wake zake. Alikuwa ananicheka.

Ndipo lilipotangazwa shindano.

Hapa kwetu wafanyabiashara huliandaa kila mwaka baada ya mavuno, na huliendesha kwa mtindo wa zamani wa ngoma za Kisukuma. Hakuna majaji wala maksi. Watunzi wawili wanasimamishwa na vikundi vyao pande mbili za uwanja, wanaimba kwa wakati mmoja, watu wanakaa katikati. Wimbo unaokuvuta unaufuata kwa miguu yako. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye watu ndiye mshindi. Lakini kuna sheria ambazo hata mlevi anazijua. Mtunzi hatoki uwanjani mwenzake akiwa anaimba. Akitoka ameshindwa yeye na ukoo wake wote, na wajukuu zake wataimbiwa kwa kejeli. Na ukitajwa kwenye wimbo wa mwenzako, unajibu kwa wimbo, palepale, na jibu la uongo ni aibu ileile.

Maduhu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na alikuwa hajawahi kushindwa. Nilikaa na nyundo yangu nikawaza. Huyu amewakatalia polisi, amemkatalia mchungaji, amemkatalia mayu aliyempigia magoti. Lakini jina lake likiimbwa mbele ya watu, atajibu tu. Manju hawezi kunyamaza. Ningemuuliza shimo liko wapi mahali pekee duniani ambapo alikuwa hawezi kunicheka.

Nikatunga. Sikuwa na ngoma, nikachukua zile nyundo zetu. Wanawake tunaoponda mawe tunakaa duara moja, nyundo zinashuka pamoja, na mwenye kutunga anatupia mstari katikati ya mapigo. Niliwafundisha hivyohivyo, kazini. Mashairi niliyaimba mwenyewe: jinsi Thobias alivyokuwa akicheka, mawe yale, mtaimbo, pikipiki. Kiitikio nikawapa wote:

*Maduhu, tuonyeshe shimo,*
*tumtoe.*

Aneth, mwenzangu mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe, alisimamisha nyundo yake. "Mama Blessing, jina unaliweka kwenye kiitikio? Liweke kwenye shairi, uliimbe wewe peke yako. Kiitikio kikishatoka hakina mwenyewe."

"Nataka waimbe wote."

"Wataimba," akasema. "Hilo ndilo ninaloogopa."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hupenda sauti nyingi.

Wiki ya shindano Maduhu alinijia mchana, wenzangu wamekwenda kula, nachekecha unga wa mawe peke yangu. Alikuja kwa miguu, kofia mkononi, mtu wa heshima kabisa. Nami, mazoea mabaya haya, nikajikuta nasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mama Blessing." Akachuchumaa. "Nasikia una wimbo."

"Ninao."

"Hebu niimbie niusikie."

Nikamwimbia usoni. Nilipiga nyundo kwenye jiwe nikamwimbia wote, mtaimbo na kila kitu, na kiitikio mara mbili. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kinagonga goti. Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Mstari wa pili wa kiitikio ni mfupi," akasema. "Watu wataukimbilia, watakuharibia mapigo. Sema 'tumtoe mtoto wetu.' Hapo unakaa."

Na alikuwa sahihi, mshenzi yule. Niliujaribu moyoni papohapo, ukakaa.

"Asante, kaka. Sasa nionyeshe shimo."

Akachukua nyundo yangu kutoka mkononi mwangu, taratibu, kama anayetaka kuitazama. Sikuona ikija. Nilisikia kitu kikivunjika, nikadhani ni jiwe, halafu meno yangu yakawa yametawanyika kwenye chekecheke na unga wa dhahabu ukawa mwekundu. Nilipojaribu kuinuka alinipiga teke la mbavu. Akanikanyaga shingo, akasugua uso wangu kwenye chenga za mawe mpaka nikaacha kupiga mikono. "Haya, imba," akasema. "Imba sasa, mwanamke." Kisha akaweka nyundo chini vizuri, mpini ukielekea kwangu, akavaa kofia yake akaenda.

Taya langu lilivunjika pande mbili. Zahanati walinifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, nesi akaniamuru nisithubutu kufungua kinywa, uji ninywe kwa mrija. Ulimi ulikuwa umevimba mpaka nikapumua kwa taabu. Mayu aliniosha uso akanitazama. Hakuuliza swali lake asubuhi ile, na hilo liliniuma kuliko taya.

Aneth ndiye aliyekuja na wenzake wote, wamesimama mlangoni na nyundo zao. Macho yake yalikuwa mekundu. Yule Aneth aliyekuwa akiogopa alikuwa ameshaondoka. Aliyebaki alikuwa mtu mwingine.

"Shindano ni la kutunga," akasema. "Umeshatunga. Mimi nitakuwa kinywa chako."

Nikawaongoza kwa mkono. Nikiinua kiganja, wanaanza, nikikishusha, kimya. Tulifanya mazoezi uani kwetu, na kwa ishara nikawaongezea maneno ya Maduhu kwenye mstari wa pili. Sikuwaambia ni ya nani. Wasingekubali kuyaimba, na wimbo ulikuwa unayahitaji.

Siku yenyewe uwanja wa mpira ulifurika. Walikuja watu wa maduara, watu wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe, wakulima wa vijijini na baiskeli zao, wauza miwa, mpaka watu wa Kahama mjini. Magesa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa mwenyekiti wa shindano, na fahali wa zawadi alifungwa kwenye mlingoti wa goli. Maduhu alisimama upande wake, manyoya ya mbuni kichwani, shanga kifuani, usinga mkononi, ngoma kubwa nyuma yake. Aliponiona na kitambaa changu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyomsalimia mgonjwa.

Filimbi ikalia. Ngoma zake zikapasuka na watu wote wakamkimbilia. Nawaambia ukweli, hata miguu yangu ilitaka kwenda. Alikuwa anaimba juu ya wafugaji na mvua, sauti inapanda bila kutafuta nguvu. Sisi tulikuwa wanawake kumi na kitu wenye kanga zilizochakaa, tumechuchumaa mbele ya mawe.

Nikainua kiganja. Nyundo zikashuka.

Huwezi kuelewa sauti ile kama hujalala machimboni. Kila mtu aliyekuwa pale aliamka nayo kila siku ya maisha yake, mama yake aliipiga, mkewe anaipiga. Vichwa vikageuka. Aneth akaanza shairi la kwanza, kuhusu Thobias anavyocheka, na wachimbaji waliomjua wakaanza kuvuka. Shairi la mtaimbo wakavuka wengi zaidi. Kiitikio kilipokuja mara ya tatu hatukuwa tunaimba wenyewe tena:

*Maduhu, tuonyeshe shimo,*
*tumtoe mtoto wetu.*

Kumbe kila mtu alikuwa na wake. Wamama waliopoteza watoto kwenye vifusi, watu ambao kaka zao waliaga wanakwenda kazini wasirudi tena, wote walipata mahali pa kuweka mdomo. Uwanja ulihama. Ulibaki mchanga mtupu mbele ya Maduhu, na wapiga ngoma wake wakaanza kupotea mmoja mmoja, mikono yao inafuata nyundo zetu bila wao kujua.

Pikipiki yake ilikuwa nyuma ya goli. Nilimwona akiitazama. Nafasi alikuwa nayo, njia ilikuwa nyeupe mpaka barabarani, na mtu yeyote wa kabila lingine angekwenda zake. Maduhu alipandisha manyoya yake vizuri kichwani. Manju hatoki uwanjani. Alibaki pale peke yake kwa ajili ya kitu ambacho mgeni angekiita ujinga, nami nilijua kinachofuata ni nini.

Aliinua usinga. Alikuwa anajibu.

"Mnauliza shimo," akaimba, na sauti ile ikapita juu ya nyundo zote, "shimo nalijua mimi..."

Nilishusha kiganja. Kimya! Nyamazeni, mwacheni amalize! Hiyo ndiyo kazi yote, ndiyo sababu ya wimbo, ndiyo sababu ya meno yangu. Nikashusha mikono yote miwili. Lakini kati yangu na wenzangu sasa kulikuwa na watu mabega kwa mabega, na hao hawakuwahi kufundishwa mkono wangu. Walichokijua ni kiitikio, na wakakiimba kwa nguvu zaidi. Nilimwona Maduhu anaendelea kuimba, midomo inakwenda, mkono wenye usinga unaonyesha. Sikusikia hata neno. Wao walikuwa wamesikia yale ya kwanza, kwamba shimo analijua, na hayo yaliwatosha.

Mwanamume mmoja nisiyemjua akamvua manyoya kichwani. Jiwe likampata Maduhu kwenye nyusi, akayumba, akafungua mdomo aimbe tena, na la pili likamwingia palepale mdomoni. Wapiga ngoma wakakimbia. Nilijipenyeza, nikapiga viwiko, nikakanyaga watu. Alikuwa ameshapiga magoti. Wenzangu walikuwa wamefika kabla yangu, nyundo mkononi.

Nikararua kitambaa. Nikafungua kinywa changu chote, nikasikia taya likiachana upya, maumivu yakaniletea giza machoni, nikapiga kelele: Mwacheni! Mwacheni aseme!

Kilichotoka kilikuwa mlio wa ng'ombe anayechinjwa. Hakikuwa na neno ndani yake. Damu ikanishuka kifuani. Aneth aligeuka akaniona, uso wangu ulivyokuwa, akaangua kilio.

"Mmemsikia Mama Blessing?" akawapigia kelele wenzake. "Mmemsikia?"

Akashusha nyundo. Ilimkuta Maduhu begani, mtulinga ukaingia ndani. Nyingine zikafuata, na zilishuka pamoja, kwa mapigo, hawakujua kuziteremsha vinginevyo. Wakapiga magoti yake. Wakapiga vidole vilivyokuwa vinajaribu kufunika kichwa. Nyuma uwanja mzima unaimba. Niliushika mkono wa Aneth akanisukuma bila kunitazama, nikamwangukia Maduhu, na nyundo moja ikanipiga mgongoni kabla hawajaona kwamba ni mimi.

Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu. Nilikuwa juu yake, sikio langu kwenye kinywa chake. Alikuwa hai. Taya lake lilikuwa limetoka mahali pake, na jicho moja lilinitazama. Alinijua. Nadhani alikuwa anajaribu. Alitoa sauti, mimi nikatoa sauti, tukakoromeana pale chini na hakuna aliyeweza kuumba hata neno moja. Aliinua mkono, vidole vimevunjika vinaelekea kila upande. Nikaviangalia kimoja kimoja. Kisha watu wakanivuta miguu kuniondoa, wakiniambia pole, pole mama, tumwachie sisi, na mtu mmoja akadondosha jiwe la karasha juu ya kichwa chake.

Magesa alipuliza filimbi. Nafikiri aliogopa kufanya kitu kingine chochote. Watu wote walikuwa upande wetu, na kwa sheria nilikuwa nimeshinda, akalisema hilo kwa kipaza sauti. Polisi walifika baadaye wakaandika kwamba ni wananchi wenye hasira kali. Waliuliza nani alianza, wakajibiwa na kila mtu kwamba hakuona.

Nilirudishwa nyumbani kwa vigelegele. Walinifunga taya kwa kanga, wakanitembeza mbele, fahali nyuma yangu. Njiani walikuwa wanaimba. Watoto wa shule waliokuwa wanatoka darasani walikishika kiitikio kwa mara moja tu, wakatusindikiza nacho mpaka uani.

Mayu alisikia akatoka nje. Alikuwa hajatoka nje mbele ya watu kwa muda mrefu sana, na jua lilimfanya afumbe macho. Aneth alikwenda akapiga magoti mbele yake, kanga ina madoa mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mayu. Tumemaliza. Maduhu amekufa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mayu alisubiri viishe.

"Amekufa kabla ya kusema," akauliza, "au baada?"

Aneth alinitazama, wote wakanitazama, kana kwamba mimi ndiye mwenye kinywa. Mayu naye akanitazama, kwa muda mrefu, mpaka akapata jibu lake. Hakulia. Alipita katikati yetu akaingia jikoni, akatoka na jembe la shamba, akalipima begani. Huko vilimani mashimo yalikuwa wazi mpaka macho yanapokomea.

"Haya, ng'wanawane, mwanangu," akaniambia. "Tuanze na lipi?"